Mkufunzi wa Hisabati Atakiwa: Tumchague Nani?

Ndugu msomaji, fikiria kwamba umeitwa kuketi katika kamati ya usaili. Chuo cha ualimu kilichoko katikati ya jiji kubwa chatafuta mkufunzi wa hisabati na sayansi. Walimu atakaowafunza watakwenda katika shule za mitaa ya maskini, ambako darasa moja lina mtoto mwepesi wa hesabu, mtoto asiyeielewa vema lugha ya kufundishia, na mtoto asiyeona. Waombaji ni wawili. Wa kwanza ana vyeti vingi. Wa pili ana vyeti vya kutosha, na tena ameshika chaki miaka mingi mbele ya watoto wa namna hiyo. Utamchagua nani?

Kabla hujajibu, sikiliza habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yaligusa nchi yetu.

Robert Moses alizaliwa mwaka 1935 katika mtaa wa Harlem, mjini New York. Alisoma falsafa na kufundisha hisabati, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaenda Mississippi kuwasaidia Wamarekani weusi kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1969 alikuja Tanzania na mkewe, akawa mwalimu wa hisabati huko Same, mkoani Kilimanjaro, hadi mwaka 1976 aliporejea kwao.

Huko Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, binti yake alipofika darasa la nane shule haikuwa na aljebra ya kumfundisha. Mwalimu akamwalika baba aje darasani. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1982 Moses alianzisha Algebra Project, mpango wa kuwafikishia aljebra watoto wa maskini. Kwake yeye, kumnyima mtoto aljebra kulikuwa sawa na kumnyima mzazi wake kura: wote wawili hufungiwa mlango wa uraia kamili.

Njia yake ilikuwa nyepesi kueleza. Wanafunzi walipanda treni ya mjini. Kituo kimoja kiliwekwa kuwa sifuri; vituo vya upande mmoja vikawa namba chanya, vya upande wa pili namba hasi. Waliporudi walichora safari yao, wakaisimulia kwa maneno yao ya kila siku, wakayanyoosha maneno hayo yawe ya kihisabati, na mwishoni ndipo wakaandika alama. Alama zilikuja baada ya maana.

Tazama, msomaji, faida ya njia hiyo. Mtoto asiyeona huweza kuvihesabu vituo kwa masikio. Mgeni wa lugha huanza na jambo alilolitenda kwa mwili wake. Tangu mwaka 1975 sheria ya Marekani humpa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma bure katika shule za umma, na kwa kadiri iwezekanavyo pamoja na wenzake. Lakini sheria haifundishi kujumlisha. Mwalimu ndiye afundishaye, naye hufundisha alivyofunzwa.

Hapo ndipo uzito wa usaili wetu ulipo. Tuseme mkufunzi mmoja hufunza walimu 30 kwa mwaka, na kila mmoja wao akapewa wanafunzi 40. Hao ni watoto 1,200, kwa mwaka mmoja tu wa kazi yake. Kosa la kamati litalipwa na watoto hao.

Basi, vyeti visidharauliwe. Asiyejua kwa nini hasi mara hasi huzaa chanya hawezi kumweleza mwingine. Lakini visitoshe. Wape waombaji wote wawili chaki na darasa la watoto halisi, wafundishe sehemu kwa nusu saa. Usimtazame mtoto anayenyosha mkono. Mtazame aliyeinamisha kichwa, kisha uone ni mwombaji yupi atakayemwendea. Huyo mwajiri.

Na nyumbani je? Mzazi mwenzangu, wewe nawe ni mkufunzi. Umwambiapo binti yako kwamba hesabu si fungu lake, umekwisha kumfungia mlango kabla mwalimu hajafika. Kesho umpelekapo sokoni, mwachie yeye ahesabu chenji.