Mazoezi ya kitini: Wasioweza kukimbia nao wana viungo

Kila alfajiri tutokapo msikitini hapa Mpendae, hasa siku za mapumziko, hukutana na vikundi vya mazoezi vikipita barabarani kwa mwendo wa mchakamchaka, vijana kwa watu wazima, wakiitikiana nyimbo. Zanzibar imeyapa mazoezi siku yake, tarehe 1 Januari ya kila mwaka. Ni jambo la kheri. Lakini wapo wanaobaki barazani wakivitazama vikundi hivyo: mzee aliyekazwa na magoti, mama aliyepatwa na kiharusi, kijana anayetumia kiti cha magurudumu. Hao nani amewapangia siku?

Suala hili lilinifikia kwa njia ya viti. Kwa kuwa ni katibu wa kamati ya msikiti, mimi ndiye ninayeorodhesha mali zake. Miaka michache nyuma, safu ya viti vya plastiki ilikuwa na viti vinne. Sasa ni kumi na tatu, na siku ya Ijumaa havitoshi. Nilipoleta kwenye kikao ombi la kununua vingine, mzee wetu mmoja, ambaye naye husali juu ya kiti, aliniambia: "Mwanangu, viti tununulie, lakini tutafutie na njia ya kuviacha."

Kusali kwa kukaa si aibu. Imran bin Huswain (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala yake. Akaelekezwa asali kwa kusimama, akishindwa akae, na akishindwa alale ubavu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari. Mtume mwenyewe (s.a.w.) alisali akiwa amekaa alipoumia baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Hata hivyo, tuliosoma fiqhi ya Imam Shafi tunafahamu kuwa kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa anayeweza, na kwamba aliyeshindwa kusujudu tu hakuondokewa na wajibu wa kusimama. Wengi wetu hukaa tangu takbira mpaka salamu kwa sababu ya goti moja. Kadiri mtu anavyokaa, ndivyo misuli ya mapaja inavyonyong'onyea, na kesho yake hata kusimama alikokuweza jana kunamshinda.

Dada mmoja katika jamaa zetu, aliyesomea tiba ya viungo, ndiye aliyetueleza juu ya mazoezi ya yoga yanayofanywa kitini. Lo! Neno "yoga" liliwasha moto kikaoni. Mmoja alisema hatutaki ibada za Kihindu katika chumba cha madrasa. Mwingine akajibu kuwa kuinua mikono si ibada. Nikaombwa niutafute ukweli.

Asili ya yoga ni Uhindi, na huko imeshikamana na dini. Hilo halifichiki. Mwezi wa Novemba 2008, Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mazoezi, itikadi na matamshi ya kidini. Mwezi wa Januari 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia nalo likakataza ile yenye matamshi na ibada za Kihindu, ila halikuyazuia mazoezi matupu ya mwili. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliiruhusu yoga kama mchezo. Nimeona kauli hizi zinakutana mahali pamoja: kinachokatazwa ni ibada ya wengine, si kukunja na kukunjua kiungo. Kwa hiyo tumeacha matamshi yote, tumeacha mikao ya kuliamkia jua, na tumeacha kukutanisha viganja kifuani. Jina pia tumeliacha. Tunaita mazoezi ya kitini, na aliyekasirika zaidi siku ile ya kikao sasa hukaa kiti cha mbele.

Habari ya kiti yenyewe ina mafunzo. Huko Pune, Uhindi, mwalimu B.K.S. Iyengar alivitumia viti, kamba na vipande vya mbao ili wagonjwa na wazee wasiachwe nje. Huko Marekani, mwaka 1982, mwalimu Lakshmi Voelker alikuwa na mwanafunzi wa umri wa miaka thelathini na kitu ambaye, kwa maradhi ya viungo, hakuweza tena kushuka sakafuni. Akamtafutia mazoezi ya kufanya akiwa kitini. Nilipolisoma hilo niliikumbuka safu yetu ya nyuma.

Namna yake ni nyepesi. Kiti kiwe imara, kisicho na magurudumu wala mikono, na kiegemezwe ukutani. Mtu hukaa mbele kidogo, nyayo zikigusa chini bara'bara, mgongo umenyooka. Huanza kwa kuvuta pumzi taratibu, kisha huinua mikono, huzungusha mabega, hugeuza kiwiliwili kulia na kushoto, hunyoosha goti moja baada ya jingine, na huzungusha vifundo vya miguu. La mwisho ndilo zito: kusimama kutoka kitini na kukaa tena polepole bila kujishikilia, mara tano, kisha kupumzika. Mwenye kiti cha magurudumu hufunga breki kwanza. Mwenye presha asizuie pumzi. Mwenye kisukari avae viatu na asije na njaa. Mwenye mifupa dhaifu asiiname sana. Kifua kikibana au kizunguzungu kikianza, mtu aache hapo hapo. Aliyetoka hospitali karibuni amuulize daktari wake kabla ya kuja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima, wakiwemo wenye ulemavu, wafikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sisi hatujafika huko. Tunafanya nusu saa Jumamosi baada ya alasiri kwa wanawake, na Jumapili kwa wanaume.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilitoa viti vile vile vya plastiki nikaviweka juu ya marumaru. Kimoja kiliteleza na mzee nusura aanguke. Alhamdulillah, aliwahi kudakwa.

Yule mzee aliyenituma sasa husimama rakaa ya mwanzo na ya pili, kisha hukaa. Hajaweza zaidi, na huenda asiweze. Kijana wetu mwenye kiti cha magurudumu hana tamaa ya kusimama, naye alituambia wazi tusimwekee lengo hilo. Anachotaka ni mabega yenye nguvu ya kujihamisha kitandani bila kumwamsha mama yake. Siku ya kwanza tulimbeba kumpitisha ngazi mbili za mlango wa madrasa. Alicheka, lakini niliuona uso wake. Miaka yote nimeandika mihutasari ya vikao kuhusu feni, mazulia na vipaza sauti, wala sikuwahi kuandika neno moja juu ya ngazi zile.

Kikao cha wiki iliyopita kimepitisha mteremko wa saruji kwenye mlango huo. Fundi seremala wa jirani ameahidi viti sita vya mbao visivyo na mikono kabla ya mwezi wa Shaabani. Vinavyobaki bado tunavitafuta.