Barabara Kuu ya Pemba: Nani Hulipa Nauli?

Wiki hii tunavuka bahari kwenda Pemba. Huko, mfanyabiashara anayetaka kujua bei ya kesho lazima kwanza aijue barabara.

Barabara kuu ya kisiwa huanzia bandarini Mkoani, ikapita Mtambile na kufika Chake Chake, kisha ikaendelea kaskazini hadi Wete na Konde. Kipande cha Mkoani hadi Chake Chake, kwa hesabu ya mradi wa kukijenga upya, ni kilomita 43.5. Kutoka Chake hadi Wete ziko njia mbili: ile ya zamani yenye kilomita 22.1, na nyingine ndefu zaidi inayozungukia mashariki.

Saruji, unga na mchele hushushwa zaidi Mkoani. Kila mfuko unaopanda kaskazini huongezewa nauli, kupakia na kushusha, na mlaji wa Konde ndiye anayelipa yote hayo. Nafuu huja pale shehena inapofika moja kwa moja bandari ya Wete.

Samaki wa soko la Tumbe hushuka upande wa pili, na hawangoji mtu. Gari ikichelewa, mchuuzi wa Chake huuza kwa bei ya jioni, wala hana wa kumlalamikia.

Karafuu ina hesabu yake. Mnunuzi ni mmoja, ZSTC, na bei ya kila daraja ni ile ile kisiwa kizima. Muuza unga huweza kuitia nauli ndani ya bei. Mkulima wa karafuu hawezi, huitoa mfukoni mwake. Kilo tatu za karafuu mbichi zikikauka hubaki takriban kilo moja, hivyo ni hasara kubeba mbichi kwenda mbali. Ndiyo sababu msafiri huona majamvi ya karafuu ukingoni mwa lami. Mvua ikizikuta kabla hazijakauka hugeuka mpeta, na hapo daraja limeshuka.

Kwa hiyo faida ya mkulima huanza kupungua katika njia ya udongo, kabla hajaifikia barabara kuu. Baadhi ya njia za kaskazini, kama Chwale–Kojani na Bahanasa–Daya–Mtambwe, zilitiwa lami kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa MCC wa 2008 hadi 2013. Penye njia panda kama hizo, na kama ile ya Mtambile iendayo Kengeja, ndipo duka la rejareja, bohari ndogo au mashine ya kusaga hupata wateja wa pande zote.

Lakini mwekezaji mdogo asikimbilie kiwanja. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Kinachotolewa chini ya sheria ya 1992 ni haki ya matumizi, na eka tatu za Serikali haziuzwi kienyeji kwa karatasi ya mashahidi wawili. Aulize pia hifadhi ya barabara inaishia wapi. Banda lililo karibu mno na lami huvutia wateja leo, na huwa la kwanza kutiwa alama ya kubomolewa barabara inapopanuliwa.

Anayehitaji lori la kukodi azungumze na mwenye gari kabla ya Julai, kwani msimu mkubwa wa karafuu ukishaanza, magari huwa na kazi nyingine.