Kwanza dalili, kisha dawa: namna ya kuambiana ukweli juu ya foto

Bandugu wa promosio, na ninyi wadogo ambao mungali mu auditwari, leo siandiki juu ya mbolea wala mbegu. Tangu nimalize lisansi ya agronomia, niko ndani ya kundi moja ndogo la watu wanaopenda kupiga foto hapa Bukavu. Hakuna fundi wa foto kati yetu: kuna mwalimu, kuna mama anayeshona nguo, kuna wanafunzi, na wengi tunatumia telefone tu. Kila Jumapili mtu anatuma foto, wengine wanatoa maoni. Nataka kueleza namna tulivyojifunza kuambiana ukweli, juu kabla ya kujifunza tuliharibu, na mmoja wa walioharibu ni mimi.

Siku moja msichana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alituma foto ya jiko la shangazi yake. Karibu yote ilikuwa giza, mwangaza kidogo tu toka mlangoni. Niliandika mbele ya watu wote: "Iyi foto ni giza tu. Futa, ujifunze kwanza mwangaza." Wengine wakacheka. Yeye akajibu, "Asante yaya," na tangu ile siku hakutuma tena kitu. Mimi nilijiona mtu wa ukweli.

Miezi miwili baadaye nilikuwa Kabare kwa kazi. Mama mmoja alinionyesha migomba yake, majani yalikuwa yanaanza kulegea. Nikapiga foto saa kumi na moja ya jioni, jua likishuka, majani yaking'aa sawa dhahabu. Niliituma mu kundi. Mioyo, vidole gumba, "kali sana!", "uko fundi kabisa!" Nilifurahi. Ile ile foto nikaituma kwa mkubwa wangu wa kazi ili anisaidie kutambua ugonjwa. Alijibu mstari mmoja: "Foto ni nzuri, lakini haya manjano ni ya jani ao ni ya jua?"

Sikuweza kujibu. Mnyauko wa bakteria wa migomba unaanza na majani kugeuka manjano na kulegea, na jua la jioni linapaka kila kitu manjano. Tena majani peke yake hayatoshi, maana kuna magonjwa mengine yanayofanana nayo. Foto ya kazi ingeonyesha ndizi iliyokatwa, ambayo ndani ina madoa ya kahawia, ao shina lililokatwa linalotoa maji mazito ya manjano. Mu telefone yangu hakukuwa hata moja. Nilikuwa na foto ya kupendeza tu.

Mvua iliharibu barabara, nikarudi kule siku kumi baadaye. Siku zote zile mama alikuwa anapogoa na panga moja, toka mgomba mpaka mgomba, na panga ni moja ya njia ambazo ule ugonjwa unasafiria. Mimi, nikingoja jibu, sikumwambia hata apitishe panga lake mu moto. Ugonjwa unaweza kukaa ndani ya mgomba majuma mengi bila kuonekana, kwa hiyo hata leo siwezi kuhesabu zile siku kumi zilimgharimu nini.

Niliporudi mjini nilisoma tena maoni yote ya kundi. Sifa tupu, hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza swali la mkubwa wangu. Hapo nikamkumbuka yule msichana, nikaenda kumwomba msamaha. Alinionyesha tena foto ya jiko. "Yaya, mimi sikukuwa natafuta sura ya shangazi. Nilikuwa natafuta moshi." Nikaangalia. Kumbe moshi ulikuwa pale, umekatwa katikati na mwangaza wa mlango. Kama angeongeza mwangaza sawa vile nilivyotaka, moshi ungepotea wote. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Na ile foto yako ya migomba, niliona ile manjano, nikajiuliza. Lakini ningesema nini? Ulisema nijifunze kwanza."

Bandugu, pale nilinyamaza. Jicho ambalo lingenisaidia, ni mimi mwenyewe niliyelifunga.

Sisi wa agronomia tulifundishwa kwamba shambani hauanzi na dawa. Unaangalia dalili, unamuuliza mkulima, unataja ugonjwa, ndipo unashauri. Kwa foto ya yule dada nilirukia dawa bila kuangalia jani. Na wale walionisifu, wao hawakuangalia jani wala hawakuuliza. Ukali na sifa za bure vina kosa moja: vyote viwili vinahukumu kabla ya kuona.

Kwa hiyo tulikubaliana mu kundi kufuata hatua tatu. Siyo sisi tuliozigundua. Mwalimu wa ngoma wa Marekani, Liz Lerman, alipanga tangu miaka ya 1990 njia ya hatua nne ya kuzungumzia kazi ya mtu, na mawazo yetu yako karibu na yake.

Ya kwanza, sema unachokiona. Usiseme "mbaya" wala "kali". Sema: "Jicho langu linakimbilia mlangoni kwanza, kisha linaona moshi." Mpiga foto anapata habari ambayo hakuwa nayo, na hakuna aliyetukanwa. Ukisifu, taja kile unachosifia.

Ya pili, uliza. Ulikuwa unatafuta nini? Hii foto itafanya kazi gani? Foto ya migomba ilifaa kutundikwa ukutani, haikufaa kutambua ugonjwa. Bila kujua kazi yake, huwezi kusema kama imefaulu.

Ya tatu, omba ruhusa, kisha toa shauri moja ambalo mtu anaweza kulifanya kesho na telefone ile ile aliyo nayo. Kwa mfano: gusa sura ya mtu kwenye kioo kabla ya kupiga, ili telefone ipime mwangaza pale. Sogea kwa miguu, usivute kwa vidole, juu kuvuta kunapunguza undani. Rudi saa moja ya asubui, maana kwetu karibu na ikweta jua la saa sita linasimama juu ya kichwa na macho ya mtu yanabaki mashimo ya giza. Na kabla ya kusema foto haionekani vizuri, uliza ilitumwa namna gani: WhatsApp inaipunguza, afazali itumwe kama dokima.

Kuna jambo moja ambalo hatulizungushi. Foto ya mgonjwa ao ya mtoto wa watu iliyopigwa bila ruhusa, tunamwambia mwenyewe pembeni, siku ile ile, aiondoe. Hiyo siyo habari ya ladha.

Na wewe unayepokea? Kwanza nyamaza. Ukianza kujitetea, "jua lilikuwa kali, telefone ni ya zamani," watu watanyamaza pia, na utakosa habari. Usiulize "munaonaje?", maana jibu lake ni "nzuri". Uliza kitu kinachojibika: "jicho lenu linaanza wapi?" Kisha chagua. Siyo kila shauri ni lako. Lakini kama watu watatu ambao hawakuzungumza pamoja wanataja pahali pamoja, rudia kuangalia pale.

Yule dada hajarudi bado kutuma mbele ya kundi. Ananitumia mimi peke yangu, na mara nyingi ni yeye anayeniuliza: "Yaya, iyi foto ni ya kazi gani?" Siwezi kumlazimisha arudi. Na kule Kabare, sasa ninapiga jani asubui, ninapiga ndizi iliyokatwa, ninapiga shina. Na kabla ya kuondoka, ninamwambia mama apitishe panga mu moto, hata kama jibu halijafika.

Ninyi wenzangu, ni maoni gani yalikufunga mdomo siku moja? Ao ni nani uliyemfunga wewe? Tuambiane hapa.