Dawa moja, mbona imdhuru kaka dada asalimike?

Tuseme ni mwaka wa 2005. Kaka na dada wa tumbo moja wanaugua malaria na kupewa dawa ile ile. Siku mbili tatu baadaye, mvulana anakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho yamekuwa manjano. Dada yake yuko uani anaruka kamba. Majirani nao hawakosi la kusema, na aghalabu anayelaumiwa ni mama.

Kwa hakika chanzo huwa ni kwa mama, ingawa hana kosa. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, aliyopewa na mamake. Humo ndimo mlimo jeni ya G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembechembe nyekundu za damu. Akirithi jeni yenye kasoro, hana ya akiba. Akimeza dawa kama dapsoni au primakwini, chembechembe hizo hupasuka.

Je, msichana mwenye X mbili? Wengi wetu tungedhani ile nzima huifunika mbovu. La! Mwaka wa 1961 Mwingereza Mary Lyon, aliyekuwa akichunguza rangi za manyoya ya panya, alieleza kwamba kila seli ya jike huizima X moja mimba ikiwa bado changa, na uzao wote wa seli hiyo hufuata vivyo hivyo. Ipi izimwe ni bahati nasibu. Mwaka uliofuata, Ernest Beutler na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa mwanamke aliyerithi jeni moja mbovu ya G6PD ana chembechembe za aina mbili, nzima na dhaifu, mithili ya shuka la viraka.

Basi yule dada huenda alibahatika tu. Mwingine viraka vyake vingi huwa dhaifu, naye huugua kama kaka. La kutia wasiwasi ni kuwa vipimo vya haraka huweza kumpa cheti cha uzima.

Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka wa 2008 baada ya kubainika kuwapunguzia damu wenye upungufu huu. Primakwini ingali inatumika.

Kwa hivyo daktari akikuuliza iwapo mjombako aliwahi kukojoa mweusi baada ya kumeza dawa, usimwone mdaku. Anamuuliza mjomba, wala si ami, kwa kuwa X ya mjomba na ya mamako huweza kuwa ile ile, kutoka kwa nyanya.