Gofu: Kwa nini daftari huenda likamsaidia mchezaji kuliko fimbo mpya?

Tangu shindano la gofu la Kenya Open lianzishwe mwaka 1967 hadi lile la mwaka 2025, hakuna Mkenya aliyewahi kulitwaa taji hilo. Mhispania Seve Ballesteros alishinda mwaka 1978 na Ian Woosnam wa Wales akashinda mwaka 1986, kila mmoja kabla ya kupata taji lake la kwanza miongoni mwa mashindano makuu manne ya dunia.

Shindano hilo, ambalo tangu mwaka 2019 limo katika ratiba kuu ya ligi ya wachezaji wa kulipwa wa Ulaya, hudumu kwa siku nne. Baada ya raundi mbili za kwanza, yaani mashimo 36, wachezaji wapatao 65 wenye alama bora, pamoja na wanaolingana nao, huendelea na raundi za Jumamosi na Jumapili. Wengine hufungasha virago Ijumaa jioni bila malipo yoyote, na mara nyingi wengi wa wenyeji huwa miongoni mwao.

Hesabu ya pengo hilo inastahili kutazamwa kwa makini. Mchezaji anayekosa nafasi kwa mkwaju mmoja katika mashimo 36 amezidiwa nusu ya mkwaju tu kwa raundi. Pengo dogo kiasi hicho halionekani kwa macho, wala kumbukumbu haiwezi kulishika. Ndiyo maana gofu ya leo hutegemea takwimu, na ndiyo maana mchezaji wa kawaida wa klabu naye anaweza kufaidika nazo.

Kumbukumbu hudanganya vipi?

Mchezaji anapomaliza raundi, hukumbuka mpira uliotumbukia majini kwenye shimo la 17. Hakumbuki mipira mitano iliyofika karibu na griini, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi zinazozunguka shimo, lakini ikaishia mita chache kabla yake. Mpira uliozama ulimwumiza, ilhali ile mitano ilimgharimu mikwaju zaidi bila kumshtua.

Kesho yake huenda mazoezini kurekebisha kile kilichomwumiza. Hubadili namna ya kushika fimbo, namna ya kusimama, na hatimaye mzunguko mzima wa fimbo yake. Kazi hiyo huchukua miezi, na katika kipindi hicho mchezo wake hushuka kwanza kabla ya kupanda. Ikiwa chanzo cha tatizo kilikuwa kwingine, muda na fedha za mkufunzi vyote vimepotea, na huenda ameharibu kilichokuwa kizima.

Nini kiandikwe?

Hakuna haja ya kuandika kila kitu. Kwa kila shimo, mambo matano yanatosha: mpira wa kwanza ulitua wapi, je, griini ilifikiwa kwa idadi ya mikwaju inayotakiwa, ilichukua mikwaju mingapi kuifikia kutoka karibu, mpira ulikuwa umbali gani na shimo ulipoanza kusukumwa na ulisukumwa mara ngapi, na kama kulikuwa na adhabu.

Idadi inayotakiwa ya kufika kwenye griini ina kanuni yake: mkwaju mmoja kwa shimo la kiwango cha mikwaju mitatu, miwili kwa shimo la minne, na mitatu kwa shimo la mitano. Mchezaji hubakiwa na mikwaju miwili ya kusukuma mpira shimoni. Hata wachezaji bora wa ligi ya Marekani, PGA Tour, hufanikiwa kwa wastani wa takriban griini mbili kati ya kila tatu. Mchezaji wa klabu anayekata tamaa kwa kukosa griini chache basi anajipima kwa kipimo ambacho hata mabingwa hawakifikii.

Takwimu nazo hupotosha

Takwimu inayopendwa kuliko zote, yaani jumla ya mikwaju ya kusukuma kwa raundi, ndiyo pia inayopotosha zaidi. Chukulia wachezaji wawili. Wa kwanza hukosa griini karibu zote, kisha huinua mpira taratibu kutoka pembeni hadi mita moja na shimo, na kuusukuma mara moja. Wa pili hufika kwenye griini kwa wakati, lakini mpira wake hutua mita 12 kutoka shimoni na humlazimu kusukuma mara mbili. Kwa hesabu ya kusukuma pekee, wa kwanza anaonekana hodari, ingawa ni wa pili anayecheza gofu bora.

Dosari hiyo ndiyo aliyoishughulikia Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Alitumia kumbukumbu za mamilioni ya mikwaju zilizokusanywa na PGA Tour kwa vipimo vya leza, akatafuta jibu la swali moja: kutoka umbali fulani, mchezaji wa kulipwa huhitaji wastani wa mikwaju mingapi kumaliza shimo? Ligi hiyo ilianza kutumia rasmi kipimo hicho kwa mikwaju ya kusukuma mwaka 2011.

Mfano wake ni rahisi. Kutoka takriban mita 2.4, wachezaji wa ligi hiyo hutumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja karibu nusu ya mara zote, hivyo wastani wao ni mkwaju mmoja na nusu. Anayetumbukiza kwa mkwaju mmoja amepata faida ya nusu ya mkwaju. Anayehitaji miwili amepata hasara ya nusu. Kwa njia hiyo kila mkwaju hupewa thamani yake, uwe wa mita 250 au wa mita mbili.

Matokeo ya Broadie yaliwashangaza wengi. Katika gofu kuna msemo wa zamani unaodai kwamba kupiga mbali ni maonyesho, na fedha hupatikana kwenye griini. Takwimu zilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji bora na wa kawaida hutokana na mikwaju inayopigwa kutoka umbali wa zaidi ya mita 90. Hata Tiger Woods, aliyesifiwa sana kwa kusukuma mipira migumu, aliwazidi wenzake zaidi kwa mikwaju ya kuelekea griini.

Kutoka takwimu hadi mzunguko wa fimbo

Daftari likishaonyesha mahali mikwaju inapopotelea, ndipo swali la mzunguko wa fimbo linapopata maana. Hapo pia vipimo vimesahihisha imani za zamani. Kwa miaka mingi wanafunzi wengi walifundishwa kwamba mpira huanza safari yake kwa kufuata njia ya fimbo. Mitambo ya rada imeonyesha kwamba mwelekeo wa mwanzo huamuliwa zaidi na uso wa fimbo wakati unapogusana na mpira, mgusano unaodumu takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Tofauti kati ya uelekeo wa uso huo na njia ya fimbo ndiyo inayoufanya mpira upinde angani.

Mchezaji asiye na rada anaweza kuandika alama mbili kwa kila mpira: ulianzia kulia, kushoto au katikati, kisha ulipinda upande gani. Mipira 30 ya namna hiyo humweleza mkufunzi mengi kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Lengo gani lifae?

Wachezaji wengi hujiwekea lengo la kushusha handikapu, yaani kipimo cha uwezo kinachowawezesha watu wa viwango tofauti kushindana kwa haki. Katika mfumo wa dunia ulioanza kutumika mwaka 2020, handikapu hupatikana kwa wastani wa alama 8 bora kati ya 20 za karibuni. Kwa hiyo husogea polepole, na raundi moja nzuri au mbaya haielezi mengi. Kama shabaha ya msimu inafaa, lakini haimwelezi mchezaji afanye nini Jumanne jioni.

Edwin Locke wa Marekani na Gary Latham wa Kanada, wanasaikolojia waliotafiti malengo kwa miongo kadhaa, walibaini kwamba lengo mahususi na gumu huzaa matunda kuliko agizo la kujitahidi tu, mradi mhusika apate mrejesho. Waliongeza kwamba katika kazi ngumu ambayo mtu bado anajifunza, ni afadhali alenge kujifunza mbinu kuliko kulenga matokeo.

Kwa mchezaji gofu, hilo lina tafsiri ya wazi. Daftari la raundi tano likionyesha kwamba hupoteza mikwaju minne ya adhabu kila raundi, lengo la mwezi liwe kuipunguza hadi miwili, huenda kwa kuchagua fimbo fupi zaidi kwenye mashimo mawili yenye hatari. Mafanikio hayo hayahitaji kugusa mzunguko wa fimbo hata kidogo.

Daftari linapovuka mpaka

Takwimu pia zina mahali pake. Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. Kwa makadirio yanayotumika sana, ongezeko ni kama asilimia 6. Fimbo inayofikisha mpira mita 150 Dar es Salaam au Mombasa huweza kuufikisha karibu mita 159 Nairobi, umbali unaotosha kuupitisha juu ya griini hadi vichakani. Kampala na Kigali nazo ziko juu ya mita 1,000. Mchezaji wa pwani anayepanda kwenda kushindana huko anahitaji ukurasa mpya wa umbali, na wa bara anayeshuka pwani vivyo hivyo.

Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza wakiwa makedi, wakiwabebea wengine fimbo na kuwasomea miteremko ya griini. Mtambo wa rada unaotumiwa na mabingwa ni ghali mno kwa wengi wao. Daftari na penseli si ghali, nazo zinatosha kuandika mambo matano kwa kila shimo, raundi baada ya raundi, hadi ile nusu ya mkwaju ijulikane ilipojificha.