Kanda Zimekwenda, Wateja Wapo: Biashara ya Filamu Tarime na Serengeti

Anayetaka filamu mjini Tarime, au Mugumu wilayani Serengeti, siku hizi habebi kitu cha kurudisha. Anafika na flashi au simu kwenye kibanda chenye kompyuta, anataja anachokitaka, iwe tamthilia ya Kikorea au filamu ya mapigano iliyotafsiriwa, anajaziwa, analipa na kuondoka. Hamu ya filamu haijapungua. Kilichokufa ni kukodisha.

Wenye umri mkubwa kidogo wanazikumbuka vizuri maktaba za video, yaani maduka ya kukodisha kanda. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara vituo vya kwanza, vikiwamo DTV na ITV, vilianza mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Kwa miji iliyo mbali na Dar es Salaam, deki na kanda ya VHS vilikuwa njia ya uhakika zaidi ya kuona filamu nyumbani.

Hesabu ya duka ilikuwa kwenye mzunguko. Tuseme kanda ilinunuliwa kwa bei ya kukodi mara 20: faida ilianza kwa mteja wa 21. Kwa hiyo kila siku ambayo kanda ililala kwa mtu bila kulipiwa ilikuwa hasara. Ndiyo sababu ya daftari la majina, amana au kitambulisho kwa mgeni, faini ya kuchelewesha, na sharti la kurudisha kanda ikiwa imerudishwa mwanzo. Mwenye duka alijua pia nani anapenda filamu za Kihindi na nani anazisubiri za Van Damme, na ushauri wake ulikuwa sehemu ya huduma.

Wateja wengine walikuwa mabanda ya video, yale yanayoitwa vibanda umiza. Banda lilikodi kanda moja na kutoza kiingilio kwa watu wengi, kwa umeme wa jenereta pale ambapo nguzo hazijafika. Huko ndiko ilikokua kazi ya watafsiri. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijijengea jina Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, kwanza mubashara mbele ya watazamaji, kisha kwa sauti iliyorekodiwa juu ya kanda. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Wakenya wana DJ Afro kwa kazi hiyohiyo.

Kisha ikaja Bongo Movie. *Girlfriend* ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Otieno Tyson, ilionyesha kwamba hadithi za hapa nchini zina soko, na katika miaka iliyofuata Steven Kanumba akawa nyota ambaye sura yake ilitosha kuuza filamu. Wakati huo VCD ilikuwa imeshaichukua nafasi ya kanda. Diski moja hubeba takriban dakika 74, na filamu nyingi zikauzwa kwa sehemu mbili.

Diski hiyohiyo ndiyo iliyoliua duka la kukodisha. Kanda ikinakiliwa hupoteza ubora, na nakala ya nakala huchosha macho. Nakala ya kidijitali haipotezi kitu. Kompyuta zenye uwezo wa kuchoma diski zilipoenea, bei ya kununua nakala ilishuka hadi kuikaribia bei ya kukodi, na mteja akachagua kumiliki. Marekani nako kampuni ya Blockbuster, iliyokuwa na maduka zaidi ya 9,000 mwaka 2004, ilifilisika mwaka 2010. Lakini huko wateja wengi walihamia kwenye huduma za kulipia, na sehemu ya fedha iliendelea kuwafikia wenye filamu. Hapa walihamia kwenye nakala zisizo na kibali.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ndiyo inayoisimamia. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilianza kusimamia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Stempu, hata hivyo, huhitaji diski ya kubandikwa, na filamu iliyomo ndani ya flashi haina pa kuibandika. Mwaka 2023 ikaja tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyoweza kurekodi au kunakili kazi za sanaa.

Tozo hiyo inamgusa mwagizaji wa vifaa. Mwenye kibanda Tarime au Mugumu bado hana mlango rahisi wa kuingia kwenye biashara halali, ingawa ndiye anayewajua wateja, wakiwamo wa Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu na vijana wanaofanya kazi za utalii kandokando ya Hifadhi ya Serengeti. Anahitaji leseni ya ada ndogo na mahali pa kupata mafaili halali ya filamu za Kitanzania, kwa bei inayomwachia faida. Halmashauri za Tarime na Serengeti tayari hutoa leseni za biashara, hivyo COSOTA na wasambazaji wanaweza kuanza na orodha ya vibanda iliyomo kwenye ofisi zao za biashara.