Sinema za Wanuri Kahiu: Wasemao Wengi, Waliotazama Wachache

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Pumwani na Eastleigh hadi Kaloleni, Buruburu na Umoja, jina la Wanuri Kahiu linajulikana kuliko sinema zake. Ukilitaja barazani, kila mtu ana neno. Ukiuliza ni nani aliyeketi akaitazama japo moja tangu mwanzo hadi mwisho, maneno hupungua.

Wanuri Kahiu ni mwelekezi wa filamu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1980, aliyesomea kazi hiyo Los Angeles, Marekani. Nimezunguka mitaa hiyo nikiwauliza watazamaji maoni yao juu ya kazi zake zote, si moja peke yake. Nilikuwa na sababu. Sisi Waislamu, wa pwani na wa bara, tumezoea kulalamika kwamba sinema hutuonyesha kwa sura moja tu, sura ya muuaji. Huyu ametuweka katika sinema zake kwa sura nyingine, na nilitaka kujua kama tumemwona.

Wengi huanza na "Rafiki", na wengi hukomea hapo. Filamu hiyo ya mwaka 2018 inasimulia habari za Kena na Ziki, wasichana wa mtaa mmoja wa Nairobi ambao baba zao ni wapinzani wa siasa, na wenyewe wanapendana mapenzi ya mtu na mchumba wake. Mwezi wa Aprili mwaka huo Bodi ya Kuainisha Filamu iliipiga marufuku. Mwezi uliofuata ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha lile. Mwezi wa Septemba Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaisimamisha marufuku kwa siku 7 ili watu wazima waitazame. Kisha marufuku ikarudi, na kesi ikaendelea kwa miaka. Bodi ilitaka mwisho wa hadithi ubadilishwe, kwani ulionekana kuwaachia wasichana wale matumaini. Mwenyewe alikataa.

Mimi ni mtu wa chuoni. Hukumu ya dini juu ya mapenzi ya namna hiyo naijua, na msomaji wangu anaijua. Sikuandika makala haya ili kuijadili. Ninalojadili ni ushahidi. Fundi cherehani mmoja wa Pumwani, mtu wa makamo, alinieleza kwa ukali mkubwa kwamba mwanamke yule ameharibu watoto wa watu, na akanitajia vitendo kadha wa kadha alivyodai vimo ndani ya filamu.

"Uliitazama wapi, ndugu yangu?" nikamuuliza.

"Sikuitazama, maalim. Nimehadithiwa."

Na aliyemhadithia, nilipomfuata mtaa wa pili, naye alikuwa amehadithiwa. Sura ya Hujurat inatufunza tukijiwa na habari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tunaisoma tangu utotoni. Sioni kwamba watu wa sinema wametolewa katika funzo hilo.

Waliotazama walikuwa na maneno mengine. Mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi Majengo alipelekwa mjini na binti yake katika zile siku 7. Aliniambia kwamba jambo lenyewe hakulikubali alipoingia, na hakulikubali alipotoka. Lakini kilichomkaa moyoni ni pale umati wa mtaa unapowazunguka wasichana wale na kuwapiga. Amewahi kuona umati kama ule ukimpiga kijana aliyedhaniwa mwizi, na anajua kwamba umati hauulizi. Kijana mmoja wa Umoja yeye aliona hadithi ni nyepesi, ila alifurahi kuuona mtaa kama mtaa: kibanda cha chakula, bodaboda, na umbea unaosafiri kuliko bodaboda. Hawa wawili hawakumsifu mwelekezi, wala hawakumlaani. Walimpima kwa kile walichokiona.

Sasa nije kwenye filamu iliyonifanya nishike kalamu. Miaka 10 kabla ya "Rafiki", yaani mwaka 2008, Wanuri Kahiu alitoa "From a Whisper". Msingi wake ni mkasa wa Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani penye pembe ya barabara za Moi na Haile Selassie. Nairobi peke yake walikufa watu 213, na 12 tu kati yao ndio Wamarekani. Maelfu walijeruhiwa. Wengi walipofuka kwa vioo, maana waliposikia kishindo cha kwanza walikimbilia madirishani kutazama, na bomu lenyewe likawakuta hapo. Mauti hayakumwuliza mtu dini yake.

Katika filamu ile yumo Abu, afisa wa upelelezi, Muislamu, mtu wa kukaa peke yake. Anakutana na Tamani, msichana mchoraji anayemtafuta mama yake aliyepotea katika mlipuko, na anaamua kumsaidia. Katika kumsaidia, Abu anarejea kwenye jeraha lake mwenyewe, kwani rafiki yake mpenzi, Fareed, alikuwa miongoni mwa waliofanya shambulio lile. Basi Muislamu hapa ni wawili: yule aliyepotea njia, na yule aliyebaki akibeba huzuni na aibu ya kitendo asichokitenda. Mwaka 2009, katika tuzo za filamu za Afrika zilizotolewa Nigeria, filamu hii ilichaguliwa kuwa bora, na mwelekezi wake kuwa mwelekezi bora.

Niliuliza Pumwani, mtaa wa Waislamu na Waswahili tangu mwanzo wa miaka ya 1920. Niliuliza Eastleigh. Walioitazama niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao, mzee muuza vitambaa Eastleigh, aliletewa kanda na mpwawe. Aliniambia kuwa alimwelewa Abu bila ya kuelezwa, kwa sababu yeye mwenyewe ameishi hivyo tangu 1998: kila kinapolipuka kitu, jirani humtazama usoni kabla ya kumpa salamu. Akanikumbusha mwezi wa Aprili 2014, askari walipoingia Eastleigh nyumba kwa nyumba na maelfu wakakamatwa, wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Filamu ilikuwa imetangulia mambo hayo kwa miaka 6.

Mwalimu mmoja wa madrasa aliyeiona hakukubaliana naye. Alisema hata humo mlipuaji ni Muislamu, na mtoto akitazama atakumbuka bomu, hatamkumbuka Abu. Hoja yake ina uzito. Lakini waliofanya kitendo kile walijiita Waislamu, na hilo halifichiki. Tukikataa lisimuliwe na mtu anayetuwekea Abu ubavuni, litasimuliwa na wasiomjua Abu kabisa, na kwa hakika wamekwisha kulisimulia mara nyingi.

Wala si filamu hiyo pekee. Kabla yake alitengeneza filamu fupi, "Ras Star", juu ya msichana wa Kiislamu wa Nairobi mwenye kipaji cha kughani rapu. Kisha ikaja "Pumzi" ya mwaka 2009, ya dakika 20 na kitu, inayosimulia ulimwengu ulioharibiwa na vita vya maji. Watu wanaishi wamefungiwa ndani, na hata jasho na mkojo wao husafishwa wakanywa. Mwanamke mmoja, Asha, anatoka nje jangwani kwenda kupanda mche, na anaunywesha jasho lake. Nilimwonyesha "Pumzi" mama mmoja wa Kariobangi ambaye kazi yake ni kuuza maji kwa mtungi. Alitazama kimya mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba watu wanaodhani hiyo ni hadithi ya siku zijazo hawajawahi kupanga foleni ya maji usiku.

Vijana wa Buruburu, wenye simu nzuri, wameiona ile aliyoielekeza Marekani mwaka 2022, "Look Both Ways", juu ya msichana mmoja na njia mbili za maisha yake. Wengine walijivunia kwamba Mkenya amekabidhiwa kazi kubwa ya ugenini. Wengine walisema kwamba humo hawamwoni mtu wa Nairobi. Yeye mwenyewe kwa miaka mingi amehubiri kuwa sanaa ya Afrika ina haki ya kuwa na raha na mchezo, isiwe vita, njaa na maradhi tu. Kauli hiyo watu wa Eastlands niliowaelezea waliipenda, ila mzee wa vitambaa aliongeza kwamba aliyemsikia akilia ndiye atakayemwamini akicheka.

Rai yangu ni hii. Kadhi hahukumu kabla ya kusikia pande zote, na mtunzi hahukumiwi kwa kazi moja, tena ya kuhadithiwa. Mwenye kuikataa "Rafiki" na aikatae. Lakini kuikataa hiyo hakumzuii mtu kuitazama "From a Whisper", ambayo inasema kwa niaba yetu neno ambalo sisi wenyewe tumeshindwa kulisema kwa miaka mingi. Vijana waliozaliwa baada ya 1998 wanausoma mkasa ule kwa wageni, na wanajifunza humo kujionea aibu.

Ukumbi upo Kaloleni, ambako zamani watu walikwenda kusikiliza siasa. Ukumbi upo Pumwani. Kila mwaka tarehe 7 Agosti hurudi. Kamati za misikiti na wazee wa mitaa wangeweza kuagiza filamu hiyo, wakaionyesha baada ya Isha, wazazi na vijana wakaitazama pamoja, kisha yule mwalimu wa madrasa na yule mzee wa vitambaa wakapewa nafasi ya kubishana mbele ya watu. Ubishi wa watu waliotazama una faida. Huu tulio nao sasa ni wa kusikia tu.